Nilimfuata Krapf hadi Ujerumani, nikamkuta Sheikh Ali

Nilizaliwa Kitui. Nalitaja hili mapema kwa sababu safari ninayotaka kuisimulia leo inaanzia huko. Tarehe 3 Desemba 1849, Mjerumani mmoja aitwaye Johann Ludwig Krapf alisimama katika ardhi ya Kitui, mawingu yakafunguka, akauona mlima wenye vilele viwili kama pembe, vimefunikwa weupe. Wenyeji wake walikuwa wamekwisha kumweleza habari zake. Mlima huo walikuwa wakiuita Kiinyaa. Wazee wetu husema kwamba *nyaa* ni mbuni, na kwamba weusi wa miamba na weupe wa theluji viliwakumbusha manyoya ya ndege huyo. Krapf akaandika alivyosikia: Kenia. Jina hilo ndilo tunaloliimba leo kila tunaposimama kwa heshima ya taifa.

Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa na hadithi yake kuhusu jambo hili. Katika hadithi hiyo Mzungu hakuwa na jina. Mwenye jina alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa akiongoza misafara ya pembe za ndovu kutoka Ukambani hadi pwani. Mzungu alikuwa mgeni wake tu, mtu wa ajabu aliyependa kuuliza majina ya vitu na kuyaandika. Nilipoingia shuleni nikakuta hadithi imepinduliwa. Krapf ndiye aliyekuwa na jina, picha na tarehe. Kivoi alikuwa amegeuka kuwa "chifu mmoja wa Kikamba". Nilijifunza tarehe, nikafaulu mtihani, na sikumweleza babu.

Baadaye nilisomea Kiswahili, nikawa mwalimu wake chuo kikuu, na Krapf akanifuata huko pia. Kwa zaidi ya miaka 30 nimewauliza wanafunzi swali lile lile: ni nani aliyeandika kamusi na sarufi za mwanzo za Kiswahili? Nao wamenijibu jibu lile lile: Krapf. Nimewapa alama zao, tukaendelea na somo. Leo, mpenzi msomaji, nataka kueleza kwa nini jibu hilo limeanza kunikwama kooni.

Niliwahi kuamua kumfuata mtu huyu kwa miguu yangu mwenyewe, nione alikopita. Sikufanya hivyo kwa mpigo mmoja. Mshahara wa mwalimu haumruhusu mtu kuwa msafiri wa aina hiyo. Nilimfuata kidogo kidogo, kwa miaka mingi, kila nilipopata kisingizio.

Hatua ya kwanza ilikuwa Mombasa, nikiwa bado mwanafunzi. Tulikwenda na mwalimu wetu hadi Nyali, upande wa bara, mkabala na kisiwa. Pale kuna kaburi la Rosine, mke wa Krapf, na mtoto wao mchanga. Krapf alifika katika pwani yetu mwanzoni mwa mwaka 1844. Kabla ya hapo alikuwa Uhabeshi kwa miaka kadhaa akihudumu chini ya Church Missionary Society, shirika la wamisionari la Waingereza, mpaka njia za kurudi kule zilipofungwa mbele yake. Akapita Unguja, akapokewa na Sayyid Said, akapewa barua ya utambulisho, kisha akachagua kuishi Mombasa. Julai mwaka ule ule homa ikamchukua mkewe, na siku chache baadaye ikamchukua mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Hata leo mtu akisimama pale Nyali, kelele za magari zikiwa zimempa kisogo, hawezi kumnyima mtu yule huruma.

Mwalimu wetu alitueleza hayo yote. Kisha akasema jambo dogo ambalo wengi wetu hatukulitia maanani. Alisema: "Mwezi mmoja kabla ya msiba huu, Krapf alikuwa amekaa na kadhi wa Mombasa wakitafsiri Mwanzo." Mmoja wetu akauliza: "Mwanzo wa nini, mwalimu?" Sote tukacheka. Ni Kitabu cha Mwanzo alichokuwa akikizungumzia. Kicheko kile kikalifunika jina la kadhi. Sikuliandika kwenye daftari langu.

Jina lake ni Sheikh Ali bin Mohiddin. Wengine huliandika Mueddin. Alikuwa msomi wa dini, mwenye asili ya Barawa, na kadhi wa mji. Juni 1844 alikaa na Krapf, wakaanza kukigeuza Kitabu cha Mwanzo kuwa Kiswahili. Hebu tafakari hali ilivyokuwa. Krapf alikuwa na miezi michache tu katika pwani hii. Kiarabu alikijua, maana alijifunza kabla ya kufika huku, na yaelekea ndicho kilichokuwa daraja baina yao. Lakini Kiswahili chenyewe, ile lugha iliyokuwa ikiingia kwenye karatasi, kilitoka kinywani mwa nani? Mtu wa miezi michache hawezi kujua kwamba kitenzi hiki kinaafiki hapa na kile hakiafiki. Aliyejua ni kadhi. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la jumuiya ya wataalamu wa lugha za Mashariki. Ni miongoni mwa matini za kwanza kabisa za Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Nazo zilitokana na Mkristo wa Ujerumani na Mwislamu wa pwani waliokaa pamoja, kila mmoja akiwa na dini yake kifuani, wakitafutana maneno.

Hatua ya pili ilikuwa Rabai. Ukitoka Mombasa kwa matatu, unashuka Mazeras, kisha bodaboda anakupandisha vilimani. Krapf alihamia huko Agosti 1846 pamoja na Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake aliyekuwa amefika miezi michache kabla. Nyumba zao bado zipo. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho. Mama aliyekuwa akinitembeza siku ile aliniuliza: "Mzee, wewe ni mchungaji?" Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Akacheka, akasema: "Basi umekuja kwenu."

Yule mama ndiye aliyenifumbua macho kuhusu jina. Krapf na Rebmann waliandika kwamba walijenga Rabai Mpia, yaani Rabai Mpya. Mtu akisoma hivyo anaweza kudhani wamisionari ndio waliouleta huo upya. Kumbe wapi! "Hapa paliitwa Mudzi Muvya kabla yao," mama akaniambia. Mudzi muvya kwa Kirabai ni mji mpya. Wenyewe walikuwa wamehama kutoka kaya yao ya zamani, wakaanzisha kaya nyingine, nao wamisionari wakapewa nafasi pembeni. Misitu ya kaya za Rabai leo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Kwa hivyo hata jina la kituo cha kwanza cha misheni ni tafsiri ya jina la wenyeji. Tafsiri hiyo nayo nani aliifanya?

Rabai ndiko Krapf alikokuwa karani wa lugha nyingi. Aliandika maneno ya Kiswahili, ya Kirabai, ya Kikamba, ya Kipokomo, ya Kiyao na ya Kioromo, akayapanga safu kwa safu, na mwaka 1850 akayachapisha yote katika kitabu kimoja. Usisahau kwamba hakuwahi kuishi miongoni mwa Wayao. Maneno yao aliyapata kwa watu waliokuwa wamefikishwa pwani, na katika miaka ile ya biashara ya utumwa mtu wa mbali hakufika pwani kwa kupenda bahari. Kuhusu Rebmann tunajua wazi zaidi. Kamusi yake ya Kinyasa, iliyotolewa mwaka 1877 baada ya kifo chake, ilijengwa juu ya maneno ya mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini. Alitekwa kwao, akauzwa, akafikishwa Mombasa, na kitu pekee ambacho waliomteka hawakuweza kumnyang'anya kilikuwa lugha yake. Akaitoa neno kwa neno, Mjerumani akaandika.

Ni kutoka Rabai pia kwamba Krapf alikwenda Ukambani, mara mbili. Safari ya 1849 nimekwisha kuitaja. Ya 1851 iliishia pabaya. Msafara wa Kivoi ulivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alichota maji ya mto akayatia katika mitutu ya bunduki yake, akaziba kwa nyasi, akatembea usiku na kujificha mchana. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hawakufurahi kumwona yu hai ilhali mkubwa wao amekufa, ikabidi atoroke tena. Babu yangu aliijua sehemu hii ya maji ndani ya bunduki. Nilipoisoma katika kitabu cha safari cha Krapf mwenyewe, nikiwa mtu mzima, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Babu hakujua kusoma. Habari ile ilimfikia kwa njia ya watu wake.

Sasa tuvuke bahari. Miaka michache iliyopita nilialikwa Ujerumani, kwenye kongamano la Kiswahili linalofanyika Bayreuth. Kongamano lilipomalizika nilikuwa na siku tano mkononi kabla ya ndege. Wenzangu walikwenda Berlin kutazama mji. Mimi nikapanda treni kuelekea kusini-magharibi, hadi Tübingen.

Tübingen ni mji wa chuo kikuu, umekaa juu ya mto Neckar, vichochoro vyake vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa, ila vimepandisha mlima. Watalii huenda kuuona mnara wa manjano kando ya mto alimoishi mshairi Friedrich Hölderlin, akili zake zikiwa zimevurugika, hadi alipofariki mwaka 1843. Krapf alipokuwa kijana wa shule katika mji huu, mshairi yule alikuwa ndani ya mnara ule. Sijui kama waliwahi kuonana, na si hoja yangu. Mimi nilikuwa nikienda Derendingen, kijiji cha wakulima ambacho siku hizi kimemezwa na mji. Nilikwenda kwa miguu, kama alivyokuwa akifanya yeye kila siku ya shule.

Krapf alizaliwa pale tarehe 11 Januari 1810, mtoto wa mkulima. Mwenyewe anasimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 11 jirani alimpiga vibaya kwa kosa asilolitenda, akaugua nusu mwaka, na kitandani akawa msomaji. Baadaye alipewa ramani ya dunia. Alipoitazama Afrika Mashariki akaona pengo, majina machache mno. Akaenda kwa muuza vitabu, akaazima kitabu cha safari za James Bruce huko Uhabeshi. Kiu yake ilianzia hapo.

Nilikaa kwenye kibao karibu na kijito cha Derendingen nikiwaza juu ya pengo lile katika ramani. Mwaka ule mtoto wa Derendingen alipoona pengo, Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga mashairi, na watu wa mji wakiyaghani. Lamu na Pate zilikuwa na tenzi zilizonakiliwa na kunakiliwa tena. Wakamba walikuwa na njia za misafara walizozijua kwa majina ya kila kisima. Pengo lilikuwa kwenye karatasi ya mchora ramani.

Pale Derendingen kuna shule ya msingi yenye jina la Krapf. Nilisimama nje ya lango watoto wakitoka, wamebeba mikoba iliyowazidi migongo. Wakanitazama, mmoja akanipungia mkono, nami nikampungia. Nikajiuliza, bila uchungu wowote: ni shule gani Mombasa yenye jina la Sheikh Ali bin Mohiddin? Mimi sijawahi kuiona.

Kitabu cha sarufi cha Krapf kilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Ni kitabu kidogo, kwa Kiingereza, na dibaji yake ina uamuzi ambao ulibadili maisha ya lugha yetu. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa. Krapf aliijua hati hiyo na aliweza kuisoma. Hata hivyo akaamua kwamba Kiswahili cha vitabu kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na hakuficha sababu zake. Aliona kwamba hati ya Kiarabu ingeacha mlango wazi kwa Uislamu kuingia bara pamoja na lugha. Mmisionari wa karne ya 19 alikuwa na vita vyake, na herufi zilikuwa silaha mojawapo.

Haki lazima itendeke hapa. Hati ya Kiarabu, jinsi ilivyotumiwa wakati ule, ilikuwa na taabu zake kwa Kiswahili. Haina alama zake yenyewe za *p*, *v*, *ch* wala *ng'*, na irabu *e* na *i*, au *o* na *u*, huandikwa kwa alama moja. Msomaji alipaswa kuijua lugha kabla ya kuisoma. Lakini taabu hizo zina dawa. Waajemi walizitibu kwao. Hapa kwetu Mwalimu Sikujua wa Mombasa, akishirikiana na Mwingereza William Taylor mwishoni mwa karne ya 19, waliongeza alama zilizokuwa zikikosekana. Na mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake, *Sahifa*, kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu, hapo hapo Mombasa, na watu wakalisoma. Hati haikufa kwa udhaifu wake. Iliachwa nje ya shule, na kisichofundishwa shuleni hupungukiwa na warithi.

Kutoka Tübingen nilikwenda Korntal, karibu na Stuttgart. Korntal ilianzishwa mwaka 1819 na Wakristo waliotaka kuishi kwa dini yao kwa namna kali zaidi kuliko kanisa la serikali. Krapf alihamia huko baada ya afya yake kumshinda mwaka 1853. Alirudi kwetu mara moja, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao, kisha akarejea. Rebmann yeye alikaa Afrika Mashariki miaka 29, akapofuka, akarudishwa mwaka 1875, akafariki mwaka uliofuata huko huko Korntal. Wote wawili wamezikwa pale. Krapf alikutwa amekufa asubuhi ya tarehe 26 Novemba 1881, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka uliofuata. Hakuishika mkononi.

Kamusi hiyo ninayo nakala yake ya kurudufiwa, imechakaa kwa kufunguliwa. Wanaoidharau husema imepitwa na wakati na tahajia yake ni ya ajabu. Ni kweli. Lakini ndani yake kimehifadhiwa Kimvita cha miaka ya 1840 na 1850, kabla hakijaanza kuambiwa kwamba hakifai. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa, wakakubali kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi ulipitishwa katika mji wa Kimvita, ukakiacha Kimvita mlangoni. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1925, mmisionari Binns alikuwa ameirekebisha kamusi ya Krapf na kuitoa upya. Baada ya mkutano ule, mwanafunzi wa Mombasa aliyesema *ndoo* kwa maana ya *njoo*, au *mtele* kwa maana ya *mchele*, alisahihishwa kwa wino mwekundu. Nami nimo katika hao waliosahihisha, na wino ninao bado.

Niliyoyasema hadi hapa ningeweza kuyasema bila kwenda Ujerumani, kwa vitabu tu. Kilichonibadilisha kilitokea mahali pa mwisho, Halle.

Krapf hakuwa mwandishi tu. Alikuwa mkusanyaji. Katika miaka ya 1850 aliipa jumuiya ya Kijerumani ya masomo ya Mashariki, ambayo maktaba yake iko Halle, miswada ya tenzi aliyoipata katika pwani yetu. Mmoja ni *Chuo cha Herkal*, utenzi mkubwa unaojulikana pia kama *Utendi wa Tambuka*, unaosimulia vita vya Waislamu na mfalme Herakli wa Rumi, na unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate. Kwa karatasi alizozileta Krapf, Mjerumani Büttner alichapisha tenzi mwaka 1887, na Meinhof akautoa *Herkal* miaka zaidi ya 20 baadaye. Wataalamu wa fasihi yetu ya kale wamekuwa wakinywa kutoka kisima hicho hadi leo. Nami nimeufundisha utenzi huo kwa miaka mingi.

Niliomba kuona miswada, nikaruhusiwa. Mtumishi wa maktaba, kijana mwenye adabu nyingi, akanipangia mto wa kuegemeza karatasi, akaniletea, akaniwekea mbele. Akarudi nyuma hatua mbili, akangoja. Labda alitaka kuona furaha ya profesa aliyetoka mbali kuja kuona mali ya kwao. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, kwa nia njema kabisa: "Tafadhali, unaweza kunisomea mstari mmoja? Sijawahi kusikia Kiswahili hiki kikisomwa."

Nilitazama karatasi. Hati ilikuwa nzuri, imepangwa vizuri. Nilitambua alifu. Nilitambua lamu na mimu. Nikatafuta neno moja tu nilijualo. Sikuliona. Jasho likanitoka katika chumba chenye baridi. Mimi, daktari wa falsafa katika lugha ya Kiswahili, mwenye wanafunzi waliokwisha kuwa maprofesa, nilikuwa nimeketi mbele ya Kiswahili nisichoweza kukisoma. Nikamwambia yule kijana ukweli: "Sikufundishwa hati hii." Akaitikia kwa kichwa, hakusema neno. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu.

Jioni ile ndani ya treni nilipiga hesabu. Utenzi nimeusoma kwa herufi za Kirumi, kama ulivyosomwa na kuandikwa upya na watu wengine. Pale walipokosea, nami nilikosea, nikawafundisha wanafunzi kosa hilo wakalibeba hadi madarasani mwao. Nikamkumbuka Krapf, yule mtoto wa mkulima wa Derendingen. Yeye aliweza kuisoma hati ile. Aliifunga mlango kwa makusudi, lakini aliufunga akiwa na ufunguo mfukoni. Sisi tumerithi mlango uliofungwa, ufunguo hatuna, na wengi wetu hatujui hata kwamba pale ni mlango.

Nikamkumbuka pia Sheikh Ali. Maana jambo la kushangaza ni hili: Krapf hakumficha. Katika kitabu chake cha safari alimtaja kwa jina, akataja cheo chake na kazi waliyoifanya. Kivoi naye alimtaja kwa kirefu. Jina la Salimini limehifadhiwa. Waliowafuta watu hawa ni sisi, waandishi wa vitabu vya shule na watungaji wa maswali ya mitihani, tuliohitaji jibu la neno moja. Ni rahisi kumlaumu Mzungu aliyekufa mwaka 1881. Mimi bado niko hai, na kalamu nyekundu ninayo.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta maalim mmoja wa Mji wa Kale. Kila likizo ninayopata hushuka Mombasa, nikaketi kwake asubuhi, nikianza alifu kwa kijiti. Vijana wa chuoni kwake hawana huruma. "Babu, hiyo si be, ni te," husema, na mimi hurudia. Maalim naye hunitania: "Profesa, alifu yako imeinama kama fimbo ya mchungaji." Namwambia mimi ni Mkamba, wazee wangu walikuwa wachungaji, haina budi. Mwaka wa pili huu. Mstari wa utenzi nausoma sasa, taratibu, kidole kikiwa juu ya karatasi. Mara mbili nimeona neno ambalo chapa ya Kirumi iliyo kwenye rafu yangu inalisoma vingine, na maalim amekubaliana nami. Hayo nitayaandika siku nyingine, kwa uangalifu unaostahili.

Sipendekezi turudishe hati ya Kiarabu katika barua za ofisi na vitabu vya darasa la kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninachosema ni kwamba mtu asipewe shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili kabla ya kuweza kusoma ukurasa mmoja wa utenzi kwa hati ulioandikiwa. Mwanafunzi wa Kilatini husoma Kilatini. Mwanafunzi wa historia ya Uchina huanza na herufi za Kichina. Walimu tunao, Lamu, Mombasa, Unguja na Siyu, wazee kwa vijana, na wengi wao hawajawahi kualikwa katika ukumbi wa chuo kikuu. Wakiondoka hao, tutabaki kuomba ruhusa Halle na kukaa mbele ya karatasi tukitokwa na jasho.

Na lile swali langu la miaka 30? Bado naliuliza. Muhula uliopita binti mmoja wa mwaka wa pili aliandika kwamba kamusi na sarufi za mwanzo za Kiswahili ni kazi ya Krapf na ya watu wa Mombasa na Rabai waliomfundisha, akiwemo Sheikh Ali bin Mohiddin. Kisha pembeni akaongeza kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, wengine walikuwa akina nani?" Nikampa alama zake zote. Swali la pembeni sikuweza kulijibu. Nimemwambia alifanye kuwa tasnifu yake, na kwamba aanze kwa maalim wangu, Jumamosi saa 3 asubuhi, aje na daftari.